Mchuzi wa kondoo wa nazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Visiwani kitoweo cha siku zote ni samaki. Nyama ya ng'ombe huja mtu akijaaliwa, mbuzi huchinjwa kwenye shughuli, na kondoo ndiye anayepikwa kwa nadra kuliko wote, mara nyingi Mfunguo Tatu, mwezi wa Idd ya kuchinja. Ndiyo maana mpishi hodari, ambaye mchuzi wa pweza anaupika bila ya kuuliza mtu, akiletewa mkono wa kondoo hukwama. Humpika kama mbuzi, na mchuzi hutoka umejaa mafuta, una harufu, na unaganda kwenye sahani kabla watu hawajamaliza kula. Maswali haya ni yale wanayouliza wapishi wa Unguja na Pemba, na wa kwetu walio mbali. Majibu mengi yanarudi pale pale: kondoo ana mafuta yake, nazi ina mafuta yake, na ya kondoo lazima yatoke sufuriani kabla tui halijaingia.

Kondoo ana tofauti gani na mbuzi, ikiwa viungo ni vile vile?

Mbuzi ni mkavu. Mafuta yake mengi yako tumboni, kwenye figo na utumbo, na huondoka pale anapopasuliwa. Kondoo mafuta yake yametanda chini ya ngozi na kupenya baina ya misuli, na wale kondoo wetu wa Afrika Mashariki wenye mikia na makalio manene wamejaaliwa akiba nyengine huko nyuma. Tena mafuta yenyewe ni ya aina inayoganda upesi. Hayayeyuki mpaka joto lipite nyuzi 40, na mdomo wa binaadamu una nyuzi 37 tu. Ndiyo sababu mchuzi wa kondoo ukipoa kidogo unahisi utando juu ya ulimi na kwenye kaakaa. Mchuzi wa mbuzi unaweza kukungoja, wa kondoo haungoji.

Faida yake ni ladha. Mifupa ya kondoo hutoa rojo zito na tamu ambalo mbuzi hakupi, na nyama ikiiva vizuri huachana na mfupa wenyewe.

Sikupata kondoo. Naweza kutumia mbuzi?

Unaweza, na watu wengi ndivyo wanavyofanya, kwa sababu mbuzi visiwani ni wengi zaidi. Ongeza kijiko kimoja au viwili vya mafuta ya kukaangia, mpe muda mrefu zaidi motoni, na usijisumbue na kazi ya kuengua mafuta niliyoieleza huko chini.

Ninunue sehemu gani ya mnyama?

Mkono, shingo na kidari. Hizi ni sehemu zinazofanya kazi mnyama anapotembea na kula, zina mishipa na ngozi nyembamba baina ya nyama, na ndizo zinazolainika kwa moto mdogo na kuutia mchuzi uzito. Paja ni zuri, lakini naliona linafaa zaidi kuokwa au kutiwa kwenye pilau. Ukilipikia mchuzi peke yake nyama hukauka na mchuzi hubaki mwepesi. Mbavu chache zikichanganywa zinaongeza ladha, ila ziwe chache, maana ndizo zenye mafuta kuliko zote.

Nenda asubuhi mapema. Iwe Darajani, soko lililojengwa mwaka 1904, iwe Mwanakwerekwe, Chake Chake au Wete, nyama nzuri haisubiri jua lipande. Na kwa kuwa kondoo haning'inizwi kila siku, zungumza na muuza nyama siku moja kabla. Mwambie wazi unachotaka: "Ami, nataka kilo moja na nusu, mkono na shingo, unikatie vipande vya mchuzi, na mfupa tafadhali ukate kwa msumeno." Jambo la msumeno si dogo. Mfupa uliopigwa panga hutoa vipande vidogo vikali vinavyozama ndani ya rojo, na mtoto akivimeza ni balaa. Kama hana msumeno, muombe akate kwenye maungio.

Nyama ya kondoo mchanga ni nyekundu ya kufifia na mafuta yake ni meupe, magumu. Aliyekomaa nyama yake imekoza kama maroni. Wote wanapikika, lakini mkubwa anataka saa nzima zaidi.

Nitajuaje umri wa kondoo kabla hajachinjwa?

Mfunue mdomo wa chini. Kondoo hana meno ya mbele juu, kwa hiyo tazama ya chini tu. Akiwa bado ana meno madogo ya utotoni yote, huyo ni mchanga. Mawili ya katikati yakishang'oka na kumea makubwa, ameshapindukia mwaka mmoja. Wanaochinja udhia wanaujua uchunguzi huu, maana sheria ya umri ipo, na kondoo anaruhusiwa akiwa mdogo kuliko mbuzi. Undani wake muulize sheikh wa msikiti wako.

Nifanyeje kuondoa ile harufu ya kondoo?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na watu wengi hulijibu kwa kumimina viungo. Viungo haviondoi harufu, huifunika tu, na ikija kupoa inafumka tena.

Harufu haiko kwenye nyama. Iko kwenye mafuta. Mafuta ya kondoo yana asidi za aina yake zinazozidi kadiri mnyama anavyokua, na kwa dume asiyehasiwa ndiyo zaidi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kisu. Kaa chini na sinia ya nyama, utoe mafuta meupe unayoyaona, hasa tabaka la nje na yale madonge yaliyojificha baina ya misuli ya mkono. Usiyatoe yote kwa ukamilifu, acha kidogo, kwa sababu kondoo asiye na mafuta kabisa hana tena ladha ya kondoo. Angalia pia manyoya. Unyoya mmoja uliogusa nyama wakati wa kuchunwa unatosha kuacha harufu ya ngozi, kwa hiyo yatoe yote kwa mkono.

Kazi ya pili ni kuiweka nyama na maji ya ndimu mbili, chumvi, na thomu na tangawizi zilizotwangwa pamoja. Saa moja inatosha. Usiku mzima kwenye friji ni bora zaidi. Kazi ya tatu ni kuengua mafuta yanayoelea baada ya nyama kuchemka. Ukizifanya zote tatu, harufu iliyobaki ni ile nzuri inayomwambia jirani kwamba leo kwenu kuna kondoo.

Kuna wanaotia karafuu ukufi mzima ili "kuua harufu". Hapana. Mafuta ya karafuu yanatia ganzi ulimi na yakizidi ni machungu. Kwa kilo moja na nusu, punje nne.

Niioshe nyama?

Mara moja, kwa maji kidogo, ukiondoa chembe za mifupa na manyoya. Usiiloweke na usiimiminie maji kwa nguvu yakaruka kwenye vyombo. Kisha uikaushe kwa kitambaa safi kabla ya kuitia ndimu.

Vipimo ni vipi?

Kwa watu sita: nyama kilo moja na nusu pamoja na mifupa. Vitunguu maji vinne vya wastani vilivyokatwa vyembamba. Thomu kichwa kimoja, na tangawizi mbichi kiasi cha kidole gumba. Tungule (nyanya) tano zilizoiva hasa, zile ambazo zimeanza kulainika na muuzaji anazipunguza bei. Nazi mbili. Mbatata nne. Ndimu mbili za kulowekea nyama, na nyengine za mezani. Ukwaju donge dogo, kama yai la kuku, uloweke kwenye maji ya moto na kuukamua. Mafuta ya kupikia vijiko viwili vya chakula, na nasisitiza viwili. Pilipili mbichi mbili nzima, zisipasuliwe. Kotmiri fungu moja.

Viungo vikavu: gilgilani kijiko kimoja cha chakula, uzile (bizari nyembamba) kijiko kimoja cha chai, pilipili manga nusu kijiko cha chai, manjano nusu kijiko, iliki tano, karafuu nne, mdalasini kijiti kimoja cha urefu wa kidole. Chumvi kwa ulimi wako.

Naomba hatua zote tangu kubandika hadi kuepua.

Twanga gilgilani, uzile na pilipili manga wakati huo huo wa kupika. Zikaange kwanza kwenye kikaango kikavu mpaka zinukie, kisha kinuni. Iliki, karafuu na mdalasini ziache nzima.

Bandika sufuria nzito, tia mafuta, na ukaange nyama kwa mafungu. Usiijaze sufuria, maana nyama ikibanana hutoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Unataka kila kipande kiwe na rangi ya hudhurungi pande mbili angalau. Iweke pembeni kwenye bakuli. Chini ya sufuria sasa kuna mafuta mengi kuliko uliyotia, na hayo ya ziada ni ya kondoo. Mwaga, ubakishe kiasi cha kijiko kimoja na nusu.

Tia vitunguu na chumvi kidogo. Hapa ndipo subira ya mchuzi mzima ilipo. Moto wa wastani, mwiko mkononi, mpaka vitunguu vipungue, viwe laini, kisha vigeuke rangi ya chai ya rangi. Inachukua dakika ishirini, pengine zaidi. Anayekwambia vitunguu huiva kwa dakika tano anakusudia kuvilainisha tu, na vitunguu vilivyolainika bila kugeuka rangi huacha mchuzi mtupu, wenye utamu wa kitoto. Tia iliki, karafuu na mdalasini, kisha thomu na tangawizi, koroga dakika moja, tia viungo vya unga na manjano, na mara moja tungule zilizosagwa zifuate kabla viungo havijaungua. Pika mpaka tungule zikauke na mafuta yajitenge pembeni.

Rudisha nyama na maji yake yaliyojikusanya bakulini. Tia maji ya moto yafikie juu ya nyama, yasizidi. Yakichemka punguza moto uwe mdogo kabisa, funika, uache wazi kidogo upande mmoja. Kwenye seredani toa makaa, yabaki machache. Saa moja na nusu kwa kondoo mchanga, mbili na nusu kwa mkubwa. Mchuzi utetemeke tu, usirukeruke.

Nyama ikilainika, epua. Acha dakika kumi na tano itulie na mafuta yapande juu. Chukua upawa uyaengue. Usiyaonee huruma. Safu ya manjano inayong'aa inaweza kufika nusu kikombe, na hiyo ndiyo ile ile iliyotufanya tumchukie kondoo. Sasa, na sasa tu, mchuzi uko tayari kwa nazi.

Rudisha motoni, tia tui jepesi, mbatata na pilipili nzima. Mbatata zikiiva, tia maji ya ukwaju, onja chumvi. Mwisho tia tui zito, koroga mfululizo bila kufunika, na pale povu la kwanza linapoinuka epua. Kotmiri juu.

Kwa nini nisichemshe nyama kwa tui jepesi tangu mwanzo, kama mama alivyonifundisha?

Mama alikufundisha mbuzi au kuku, na kwao njia hiyo ni sahihi. Kwa kondoo ukitia tui mapema, mafuta ya nazi na ya kondoo huchanganyika, na ukienda kuengua unatupa nazi yako pamoja na uchafu. Kuyatenganisha haiwezekani tena. Maji kwanza, engua, kisha nazi.

Tui langu hukatika kila mara. Tatizo ni nini?

Tui ni matone madogo ya mafuta yaliyoshikwa ndani ya maji na protini ya nazi. Joto kali huifanya protini ijikunje kama ute wa yai, ikaacha mafuta yakimbie, na ndiyo zile punje nyeupe na maji maji unayoyaona. Asidi na chumvi nyingi huharakisha jambo hilo.

Basi kinga ni hizi. Tui zito lisikutane na mchuzi unaochemka: chota upawa mmoja wa mchuzi, uchanganye na tui ndani ya bakuli, koroga, kisha mimina polepole sufuriani moto ukiwa mdogo. Usiache kukoroga. Usifunike hata kidogo. Ukwaju uwe umeshaingia na kuiva ndani ya mchuzi kabla ya tui zito, na ndimu mbichi ibaki mezani, kila mtu ajikamulie kwenye sahani yake.

Likishakatika, epua haraka. Ponda vipande viwili vya mbatata zilizomo humo humo, vichanganye na tui bichi kidogo kama umebakisha, na urudishe ukikoroga. Wanga wa mbatata hushika mafuta na mchuzi hurudi kwenye hali ya kuridhisha. Kuliwa unalika hata kama hujaurekebisha.

Nazi ipi nichague, na nikamue vipi?

Nazi iliyokomaa, nzito mkononi, na ukiitikisa unasikia maji. Koroma ni tamu kuila lakini tui lake ni jepesi. Dafu halina tui. Ukipasua ukakuta joya, mpe mtoto ale.

Ikune kwa mbuzi ya kukunia nazi, usikune mpaka ile ngozi ya hudhurungi maana inatia tui rangi na uchungu. Tia kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu kwa nazi zote mbili, ikande kwa mkono dakika mbili tatu, kamua kwa kifumbu au chujio. Hilo ndilo tui zito. Rudia kwa vikombe viwili vya maji, na hilo ndilo jepesi. Mashine ya kusagia inafaa pia, ila usisage muda mrefu, chembe za machicha hupita kwenye chujio na mchuzi ukawa na mchanga mdomoni.

Kamua siku ile ile. Kwa joto letu, tui lililokaa nje tangu asubuhi, magharibi limeshachacha.

Tui la kopo linafaa?

Linafaa. Litikise kopo kwanza, maana mafuta hupanda juu. Mengi yametiwa kitu cha kulizuia lisikatike, kwa hiyo ni rahisi kulitumia kuliko la kukamua. Kopo moja la mililita 400 lichukulie ni tui zito. Kwa tui jepesi lipunguze kiasi kwa maji. Harufu ya nazi mbichi hutaipata, hilo ukubali.

Lazima nitwange viungo? Bizari ya pakiti haifai?

Inafaa ikiwa ni mpya. Tatizo la pakiti ni kwamba hujui imekaa dukani tangu lini, na uzile uliosagwa zamani huwa vumbi lisilo na harufu. Tena nyengine ina chumvi na unga wa mahindi ndani.

Tuna neema ambayo wengine wanailipia kwa bei kubwa. Karafuu, mdalasini, pilipili manga, iliki na manjano vinaota hapa hapa. Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, na msimu wa kuchuma ukipita Wete au Konde unaziona zimeanikwa majamvini hadi kando ya barabara. Karafuu nzuri ukiibonyeza kwa ukucha hutoa mafuta, na ukiitia kwenye glasi ya maji husimama wima au huzama. Inayolala juu ya maji imeshakamuliwa mafuta yake au imezeeka. Uzile na gilgilani ndivyo vinavyotoka ng'ambo, na kwa hivyo nunua kidogo kidogo, punje nzima.

Nimepika saa mbili na nyama bado ngumu.

Kwanza uliza moto ulikuwaje. Zile nyuzi ngumu baina ya misuli hugeuka kuwa laini kwa joto la wastani lililokaa muda mrefu. Zikichemshwa kwa fujo, nyama hujikaza na kutoa maji yake kabla hazijayeyuka. Punguza moto, ongeza maji ya moto (ya baridi yanakurudisha nyuma), uendelee nusu saa nusu saa.

Sufuria ya presha inafanya kazi hiyo kwa dakika thelathini hadi arubaini. Sina ugomvi nayo, hasa mkaa na gesi zilivyopanda bei. Ila vitunguu kaanga kama kawaida kabla hujaifunga, na tui usilitie humo presha ikiwa imefungwa.

Papai bichi lililokunwa hulainisha pia, kijiko kimoja tu wakati wa kuloweka, kwa nusu saa. Ukilizidisha nyama huwa kama uji kwa nje.

Nyama ya Idd tuliyochinja asubuhi huwa ngumu kuliko ya sokoni. Kwa nini?

Kwa sababu bado haijapumzika. Misuli ya mnyama hukakamaa saa chache baada ya kuchinjwa na hailegei mpaka ipite karibu siku moja. Wazee wetu walilijua hili bila ya kulisoma mahali: siku ya Idd huanza na maini, figo na moyo, vitu vinavyoiva upesi na havihitaji kungoja. Zigawe sehemu za jamaa na za wasiojiweza siku hiyo hiyo, na nyama yako ya mchuzi iweke kwenye friji, imetiwa ndimu na thomu, uipike siku ya pili. Kama wageni wameshafika na hakuna njia, tumia mkono na presha, na uliache paja kesho.

Kichwa na miguu usivitie kwenye mchuzi huu. Ni supu yake peke yake.

Mbatata ni lazima?

Si lazima. Wengine wanatia ndizi mbichi, wengine muhogo uliokwisha kuchemshwa. Embe bichi iliyokatwa vipande badala ya ukwaju ni tamu mno na kondoo, na msimu wa maembe ukifika mimi sitii kitu chengine. Muhimu ni uchachu uwepo kwa namna moja au nyengine, kwa sababu ndio unaoyakata mafuta yaliyosalia.

Watoto hawali pilipili.

Ndiyo sababu pilipili inatiwa nzima. Hutoa harufu bila ya ukali. Itoe kabla ya kupakua, na wanaopenda wawekewe pilipili ya kusaga au achari ya ndimu pembeni. Ikipasuka sufuriani, mambo yamekwisha.

Chumvi imezidi. Nifanyeje?

Ongeza tui jepesi na mbatata mbichi zaidi, uziache ziive. Ukwaju usiuongeze, uchachu huikuza chumvi.

Unaliwa na nini?

Na wali mweupe, kuliko wali wa nazi. Najua wengi hawatakubaliana nami, lakini nazi juu ya nazi juu ya kondoo ni mzigo. Mkate wa kumimina ni mwenzi wake wa asili katika futari, kwa utamu wake mdogo na iliki. Mkate wa ufuta, wenye moto, ndio ninaoupenda kuliko yote, maana unanyonya rojo bila kuvunjika. Mkate wa mofa pia, ukiupata. Kachumbari yenye ndimu nyingi iwe mezani, na sahani zipashwe joto kwa maji ya moto kabla ya kupakua, kwa ile sababu ya mafuta kuganda.

Unakaa siku ngapi?

Nje, saa mbili tu, kwa sababu ya nazi na joto letu. Kwenye friji siku mbili hadi tatu, ukiwa umefunikwa. Ukiupasha, upashe kwa moto mdogo huku unakoroga, mpaka uwe wa moto hasa hadi ndani ya vipande, na chukua kiasi cha kuliwa wakati huo tu. Kuupasha na kuupoza mara kwa mara kunaharibu tui na tumbo.

Ukijua mapema utapika kwa ajili ya wageni, ipike nyama na maji yake siku moja kabla, bila ya nazi. Asubuhi utakuta mafuta yameganda juu kama kifuniko cheupe. Yanyanyue kwa kijiko yote kwa mara moja. Halafu tui na mbatata siku ile ya wageni. Hii ndiyo njia safi kuliko zote za kuengua.

Nina presha, na daktari amenikataza mafuta.

Fuata alivyosema daktari. Kinachopunguza mafuta zaidi hapa ni kisu na ile njia ya kugandisha usiku. Unaweza pia kuacha tui zito, ukaunga kwa tui jepesi peke yake au kwa mtindi kidogo uliopigwa ukalainika, na ukapunguza chumvi kwa kuegemea ndimu na kotmiri.

Napikia watu hamsini. Nizidishe kila kitu?

Nyama, vitunguu na mbatata zidisha. Maji yasifuate hesabu hiyo, kwa sababu sufuria kubwa hukauka polepole. Anza na nusu ya hesabu. Karafuu, mdalasini na iliki nazo tia nusu ya hesabu, kisha onja. Tui zito ligawe, uunge kwa masufuria mawili, maana sufuria moja kubwa ya shughuli ukiiepua kwenye mafiga inaendelea kuchemka kwa joto lake yenyewe, na tui linakatika wakati wewe umeshapumua.

Niko Maskati, au London. Kondoo wa huku ni sawa?

Sehemu nyingi za Uingereza kondoo anayeuzwa ni mwanakondoo, mchanga wa chini ya mwaka, laini, na harufu yake ni ndogo. Saa moja na robo humtosha, na akizidi anasambaratika. Uliza sehemu ya bega yenye mfupa au shingo, ni rahisi kuliko paja. Oman utapata wa kienyeji na wa kutoka nje. Muulize muuzaji umri wake. Ukwaju, uzile na kotmiri maduka ya Wahindi wanavyo kote huko. Tungule za nchi za baridi hazina uchachu wa kutosha, kwa hiyo tia kijiko cha tungule za kopo na uongeze ukwaju.